Nguo imeisha kabla ya wakati wake: soma dalili kabla ya kumlaumu anayefua

Nguo ikiharibika mapema, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mshitakiwa wa kwanza ni aliyeifua. Dada wa kazi anaulizwa ameweka nini kwenye beseni, dobi anagombezwa mlangoni, na wapo wanaokatwa mshahara kwa ajili ya tisheti ambayo tangu inatoka kiwandani haikuwa na uwezo wa kufikisha mwaka. Hiyo ni dhuluma, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Kufua vibaya kupo, na dalili zake nitazieleza. Lakini nguo yenyewe huacha ushahidi: mahali ilipoanzia kuharibika, umbo la tundu, upande ambao rangi imeondoka. Ukiusoma ushahidi huo utajua kama kosa ni la kitambaa, la mshono, la maji, la jua au la mkono wa mtu, na kila kosa lina dawa yake.

Anza kwa kuigeuza nguo, ndani iwe nje, uitandaze penye mwanga. Jiulize tatizo lilianza lini, na liko wapi. Kama lilijitokeza nguo ilipofuliwa mara ya kwanza au ya pili, ikarudi (yaani ikapungua saizi), ikapinda, ikachuja au ikalegea ghafla, karibu kila mara chanzo kiko kiwandani. Anayefua amekuwa tu mtu wa kwanza kuliona. Kama limekuja polepole, tena pale mwili unapojisugua, yaani mapajani, kwapani, kwenye kola na makalioni, huo ni uchakavu, na kinachobaki ni kuuliza kwa nini umewahi. Na kama limetokea ghafla mahali popote bila mpangilio, tafuta kitu kilichoigusa nguo: kemikali, msumari, mdudu.

Khanga ilikuwa nzito dukani, sasa unaona mkono wako ng'ambo ya pili

Hili linaumiza wengi. Mtaa wa Uhuru au ndani ya Kariakoo, khanga mpya inakuja imekakamaa, inang'aa, ukiikunjua inatoa sauti. Mnunuzi anaipima kwa kiganja, anaridhika, analipia doti. Inafuliwa mara moja tu, kitambaa kinakuwa chepesi kama chandarua, na aliyefua anaambiwa amezidisha sabuni.

Kilichoondoka ni wanga. Nyuzi za pamba hupakwa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike zikivutwa na mashine. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, na hata khanga nzuri hulainika ikifuliwa. Tatizo ni pale kiwanda kinapotumia nyuzi chache kwa kila sentimita, kisha kikaongeza wanga mwishoni ili kitambaa kionekane kizito. Hapo umeuziwa wanga kwa bei ya pamba.

Ukiwa bado dukani, shika kona moja uisugue kwa nguvu, kitambaa kwa kitambaa, juu ya kitu cheusi. Unga mweupe ukidondoka, na pale uliposugua pakawa laini na pa wazi kuliko pengine, weka khanga chini. Kisha inua nyingine uelekeze kwenye mwanga wa mlangoni. Angalia nafasi kati ya uzi na uzi, usiangalie maua. Maua yaliyokolea huficha ufumaji uliolegea, kwa hiyo chagua sehemu yenye rangi nyepesi ndiyo uipime.

Lipo na la pili: muuzaji anasema, "Dada, hii kotoni tupu," kumbe ina poliesta. Kwa khanga ya kubebea mtoto au kujifutia maji, tofauti ni kubwa, maana poliesta hainyonyi maji vizuri na haipitishi joto la mwili. Ukifika nyumbani, chomoa uzi mmoja pembeni uuwashe kwa kiberiti, nje, mbali na watoto. Pamba inawaka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi ambayo haisagiki kwa vidole. Nyuzi zilizochanganywa huonyesha yote mawili. Kwa kipimo hiki utajua kama duka lile ni la kurudia.

Khanga iliyokwisha kulegea hairudii hali yake. Wapo wanaoitia wanga upya kabla ya kupiga pasi, na inapendeza kwa siku moja ya shughuli, ila usiihifadhi kabatini ikiwa na wanga. Mende na wadudu wengine wa kabatini huufuata, na wakiula wanaondoka na kitambaa.

Vitundu vidogo mbele ya tisheti, usawa wa kitovu

Vikiwa viwili vitatu, vya mviringo, vimekusanyika pale tisheti inapokutana na kifungo cha jinzi au chuma cha mkanda, hakuna aliyekosea kufua. Ni msuguano. Tisheti inabanwa kati ya chuma na kitu kigumu: ukingo wa sinki, meza ya biashara, kaunta ya duka, karai ulilolibeba tumboni. Uzi mmoja unakatika, na kwa kuwa kitambaa cha tisheti kimesukwa kwa vitanzi vinavyoshikana, kitanzi kimoja kikikatika jirani zake wanaachia. Kufua kunakuja tu kulipanua tundu lililokwisha kuanza.

Basi mbona tisheti za zamani zilivaliwa na mikanda hiyo hiyo? Kwa sababu zilikuwa nzito zaidi. Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Tisheti ya kazi yenye afya ina gramu 180 hivi. Nyingi za bei ya chini zinazouzwa sasa ziko karibu na 130, na za kike mara nyingi ni chini ya hapo. Huna haja ya mizani. Ingiza mkono ndani ya tisheti, unyooshe vidole: ukizihesabu kucha zako kupitia kitambaa cheupe, bado ni kawaida, ukiiona mistari ya viganja, tisheti hiyo ni ya msimu mmoja. Ukiwa na mbili za saizi moja, shika moja kila mkono. Ile nzito, kwa kawaida, itaizika nyenzake.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu kuna urefu wa nyuzi zenyewe. Uzi wa pamba husokotwa kutokana na unyoya mfupi mfupi. Unyoya ukiwa mrefu, uzi unashikana, na ukiwa mfupi ncha zake zinachomoza. Pamba iliyosagwa kutoka kwenye nguo kuukuu na kusokotwa upya, ambayo sasa inaingizwa kwenye nguo nyingi na kusifiwa kwenye lebo, ina nyoya fupi zaidi. Ni jambo jema kwa mazingira, lakini kama haijachanganywa na nyuzi ndefu, nguo inadhoofika. Sugua tisheti kwa kidole gumba mara kadhaa pale dukani. Ikianza kutoa manyoya ikiwa bado mpya, usitegemee itabadilika.

Sasa yale matundu mengine, ambayo si ya kitovuni. Tundu lenye umbo la herufi L ni la msumari, au komeo la mlango, au ubao wa kiti cha daladala. Matundu yenye kingo zilizotafunwa, hasa penye doa la chakula au kwenye mkunjo, ni ya mende. Na yapo matundu ya ajabu yanayowatesa madereva wa bodaboda na bajaji na wake zao: nguo inavuliwa nzima, inalowekwa nzima, inatoka kwenye maji na matundu mengi kuanzia mapajani hadi magotini. Hiyo ni asidi ya betri. Tone likirukia pamba, linaula uzi kimyakimya, na kitambaa kinabaki kimejishikilia mpaka kiguswe na maji na mkono. Anayefua hana hatia hata kidogo. Ukijua umeshika betri, isuuze nguo siku hiyo hiyo kwa maji mengi, kisha uiloweke kwenye maji yenye magadi kidogo kuua asidi iliyobaki. Ikikaa kwenye tenga mpaka Jumamosi, imekwisha.

Mshono wa ubavuni umehamia tumboni

Hili ni fupi. Kitambaa cha tisheti kimesukwa kwa uzi wenye msokoto mkali, hakikupumzishwa kabla ya kukatwa, kwa hiyo kikigusa maji kinajirudia kwenye mkao wake. Hakuna namna ya kufua inayosababisha hilo wala inayoliponya. Ukiivuta ingali mbichi inanyooka mpaka ifuliwe tena. Dukani, ikunje tisheti kwa urefu, mshono juu ya mshono. Kama kingo ya chini hailingani, iache.

Kurudi nako ni hivyo hivyo: pamba huvutwa kiwandani, na maji huirudisha ilipotoka. Kwa kitenge dawa ipo, nayo ni kukiloweka na kukikausha kabla ya kumpelekea fundi. Mafundi wanalisema hili kila siku na wateja wenye haraka ya harusi hawasikii.

Jinzi imeisha mapajani, kwingine bado mpya

Igeuze uangalie ndani. Kwenye jinzi, nyuzi za rangi ya bluu zinasimama na nyeupe zinalala. Pale inapoanza kuisha utaona bluu imetoweka na nyeupe zimebaki peke yake zikiwa zimelegea. Hiyo ni hatua ya mwisho ya kuokoa. Ukisubiri tundu, kiraka kitakosa mahali pa kushika.

Jinzi ya zamani ya pamba tupu ilikuwa na gramu zinazokaribia 400 kwa mita ya mraba. Nyingi za leo, hasa za kubana, ziko karibu na 300 na zimechanganywa na nyuzi za mpira. Kwenye lebo utaona Elastane, Spandex au Lycra. Asilimia moja au mbili inaipa starehe na haidhuru sana. Ikipanda, nguo inategemea mpira kushika umbo, na mpira huo unachoshwa na joto, jasho, mafuta na jiki. Dalili zake ni magoti yanayobaki yametoka nje hata ukisimama, mawimbi madogo makalioni, na vinyuzi vyeupe vyembamba vinavyochomoza ukiivuta. Hapo uzi wa mpira umekatika ndani kwa ndani, na kupiga pasi ya moto kutazidisha.

Halafu kuna zile zinazouzwa zikiwa tayari zimepauka na kuchanwachanwa. Mwonekano ule unapatikana kwa kuisugua, kuipiga mawe au kuitia kemikali kiwandani, yaani sehemu ya maisha ya nguo imekwisha kutumika kabla hujalipa. Anayeipenda aivae, ila asije akamlaumu mtu.

Joto la Dar na kutembea kwa miguu havina msamaha kwa mapaja. Mwambie fundi aweke kiraka ndani, kipana kuliko sehemu iliyoisha, akipitishie mshono wa kwenda na kurudi uliotapakaa, badala ya kuzungusha kingo tu. Kiraka kilichoshonwa kingoni peke yake hurarua kitambaa dhaifu kilichokizunguka. Ukiwa na jinzi uipendayo, kiweke mapema, kabla hata ya nyuzi nyeupe kuonekana. Anayepanda bodaboda kila siku aongeze na makalioni.

Mshono umefumuka, kitambaa ni kizima

Hapa ndipo nguo nyingi za bei nafuu zinapofia, na ndipo panapotengenezeka kwa urahisi kuliko pengine pote. Angalia kingo za pale palipofumuka.

Kama kitambaa hakijachanika na unaona ncha za uzi uliokatika, uzi ulikuwa dhaifu au mishono ilikuwa michache. Weka rula: mishono 3 au 4 kwa kila sentimita inafaa kwa shati na suruali. Ikiwa miwili, mashine ilirefushiwa hatua ili vipande vingi vitoke kwa saa. Fundi aushone upya kwa uzi wa poliesta. Ule wa pamba unaoza kwa jasho.

Kama uzi uko mzima lakini kitambaa kimechomoka kutoka kwenye mshono na kuacha manyoya, kiwanda kilibana akiba ya pembeni. Nguo nzuri inaachiwa sentimita moja hadi moja na nusu kila upande. Nyingi za sasa zina milimita chache zilizozungushiwa ovaloki, yaani mshono wa kuzungushia kingo, basi, na ovaloki ikiachia hakuna kilichobaki. Kurekebisha kunakula nafasi, nguo itabana kidogo. Hapa swali la saizi nalo liulizwe kwa upole: mshono wa makalioni unaofumuka katikati, kila mara, kwa kila suruali, unaomba saizi ya juu.

Kama ulivuta kiuzi kimoja na pindo lote likaachia, ule ni mshono wa mnyororo. Unavutika vizuri, lakini ukikatika sehemu moja unafumuka wote kwa upande mmoja. Usivute kiuzi cha pindo kamwe. Kikate kwa mkasi na ufunge fundo.

Na kama kuna mstari wa vitundu kandokando ya mshono wa tisheti, sindano ilikuwa butu au si ya kitambaa cha kuvutika. Vitaendelea kukua. Fundi akikushonea nguo ya aina hiyo, mwombe atumie sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya vitanzi bila kuvikata.

Ushauri ninaoutoa kwa moyo wote: nguo mpya ya dukani, kabla ya kuivaa, ipitie kwa fundi wa mtaani. "Fundi, nipitishie cherehani kwapani na katikati ya miguu, kaza pembe za mifuko na vifungo vyote." Kazi hiyo ni ya dakika chache barazani kwake, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nguo, na inaongeza maisha yake kuliko sabuni yoyote ghali.

Rangi imeondoka

Tenganisha mambo matatu, kwa sababu watu huyaita yote kuchuja.

Rangi ikitoka ndani ya maji na kuchafua nguo nyingine, hiyo ndiyo kuchuja hasa. Kiwanda hakikuishikisha rangi vizuri au hakikuosha iliyozidi. Wengi tumelelewa tukiambiwa loweka kwa chumvi au siki. Havisaidii. Chumvi hutumika wakati wa kutia rangi ili iingie kwenye pamba, lakini haiwezi kuifunga rangi ambayo haikufungwa. Fua peke yake kwa maji ya baridi mara chache za mwanzo, usiiloweke, na usiiache imejikunja ikiwa mbichi. Kabla ya kununua, lowanisha kitambaa cheupe kidogo usugue ndani ya pindo. Muuzaji anayekukataza amekwisha kukujibu.

Rangi ikiondoka mabegani na upande mmoja tu, wakati ndani ya mifuko na chini ya kola iko vilevile, hilo ni jua. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini ya ikweta na jua lake ni kali mwaka mzima. Igeuze ndani iwe nje, uianike kivulini penye upepo, na uanue ikikauka. Nguo haiongezeki ukavu kwa kubaki kambani mpaka jioni. Angalia pia kama hukuinunua ikiwa imepauka tayari: nguo zinazoning'inizwa nje ya vibanda hupigwa jua wiki kwa wiki. Fungua kola, linganisha rangi ya chini yake na ya juu.

Nguo nyeupe ikigeuka kijivu, manjano au kahawia, tazama maji. Nyumba nyingi za jiji hili huishi kwa maji ya kisima pale ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanapokatika, na maeneo yaliyo karibu na bahari yana maji ya chumvi. Kwenye maji hayo sabuni ya kipande inakatika, haitoi povu, inaacha utando unaoifanya nguo ikakamae na kuwa ya kijivu. Mtu anaongeza sabuni, utando unaongezeka. Sabuni ya unga inavumilia zaidi. Jambo linalosaidia kweli ni kutunza ndoo ya maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kusuuzia mara ya mwisho.

Maji ya kisima yenye chuma ni kesi mbaya zaidi. Ukiyatia jiki, chuma kilichoyeyuka ndani yake kinageuka kutu na kukaa kwenye nguo. Nyeupe inatoka na rangi ya chai, mtu anaona haijatakata, anaongeza jiki. Acha kabisa. Maji hayo yaweke wazi kwenye ndoo usiku kucha, kutu itazama chini, asubuhi uyamimine taratibu ya juu. Doa la manjano la kwapani nalo lisitiwe jiki. Limetokana na jasho na dawa ya kupaka kwapani, na jiki hulikoleza. Loweka kwenye sabuni ya unga ya vuguvugu, usugue kwa mkono.

Jiki ndiyo sehemu ambayo anayefua kweli anaweza kuwa ameharibu, kwa kawaida bila kuelekezwa na mtu. Ikimiminwa moja kwa moja juu ya nguo, au nguo ikilala humo, pamba inaoza: inachanika unapoikamua, bila kuvutwa. Ipimwe, ichanganywe na maji kwanza, kisha ndiyo nguo iingie, kwa dakika chache. Isiguse nguo yenye mpira, nailoni, sufu wala hariri. Na isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwani mvuke unaotoka unaweza kuua. Mwelekeze anayekufulia kwa maneno ya adabu, umwonyeshe kwa kifuniko cha chupa, badala ya kumtazama akibahatisha.

Mpira wa kiunoni na zipu

Mpira ulioshonwa moja kwa moja juu ya kitambaa umetobolewa na sindano mara nyingi. Unalegea mapema na kuubadilisha ni kufumua kila kitu. Chagua ulioingizwa ndani ya mfereji. Ukilegea, fundi anatoboa, anachomoa, anaingiza mpya.

Zipu inayofunga kisha meno yakaachana nyuma yake haijafa. Kichwa chake kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili. Inayokwama ipake mshumaa. Hewa ya pwani inaozesha vichwa vya chuma hafifu, kwa hiyo kwa suruali ya kazi ni bora kulipia zaidi zipu iliyo imara. Nguo zote zifuliwe zipu ikiwa imefungwa.

Hata mtumba hauko kama zamani

Ni kweli, na sababu yake inaeleza mengine yote. Mtumba ulikuwa na sifa moja kubwa: ulikwisha kupita mtihani wa kufuliwa. Kilichokuwa kirudi kilikwisha kurudi, cha kuchuja kilikwisha kuchuja. Ukienda soko la Karume ukachambua kwa subira, ulirudi na shati la miaka. Lakini kinachofungwa kwenye robota ni kile walichokivaa huko, na huko nguo zimebadilika. Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa kimataifa wa kuwekeana ukomo wa kiasi cha nguo zinazouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine ulikoma, ushindani wa bei ukawa mkali, na viwanda vikaanza kupunguza gramu, mishono na akiba ya pindo. Kati ya 2000 na 2015 uzalishaji wa nguo duniani uliongezeka takribani mara mbili, huku idadi ya mara ambazo nguo moja huvaliwa kabla ya kuachwa ikishuka kwa asilimia 36. Hesabu hizo ni za taasisi ya Ellen MacArthur. Poliesta nayo sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa. Nyuzi zake ni imara, hazichaniki ovyo, ila zinashika mafuta ya mwili na harufu, na zikichanganywa na pamba fupi zinaota vinundu visivyodondoka kwa sababu zimeshikiliwa. Robota la leo linabeba hayo yote.

Na hapa kwetu? Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, kiliwavisha watu wa nchi hii kwa pamba ya nchi hii. Leo sehemu kubwa ya pamba inayolimwa Simiyu na Shinyanga inauzwa nje ikiwa bado haijafumwa, nasi tunanunua kitambaa kilichotoka mbali. Wanaoshuka kituo cha mwendokasi cha Urafiki wanapita kwenye jina hilo kila siku, na mimi bado linaniuma.

Nisiwe mchoyo wa haki, hata hivyo. Nguo za zamani tunazozisifu ni zile zilizodumu. Zilizochakaa mapema zilikwisha kuwa matambara ya kudekia na hatuzikumbuki. Wala bei kubwa si dhamana. Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza, pamoja na WRAP, shirika la huko linalopiga vita upotevu wa vitu, walizipima tisheti 47 za wanaume na wanawake na kukuta bei haitabiri uimara. Baadhi ya za bei ya chini ziliwashinda wenzao wa bei ya juu. Kwa hiyo mfuko mdogo si kisingizio cha kutopima, na duka lenye kiyoyozi si sababu ya kuamini.

Kwenye mtumba wa sasa, tafuta lebo iliyofifia kwa kufuliwa huku kitambaa kikiwa bado kimeshikana. Hiyo imethibitishwa. Yenye lebo inayong'aa bado haijajaribiwa na maji, ipime kama nguo mpya.

Sare ya shule haimalizi muhula

Mzazi hana uchaguzi hapa, mtoto lazima avae, na nguo moja inavaliwa siku tano kwa wiki. Kaptula inaisha nyuma kwa kukaa na kuteleza. Agiza kiraka cha ndani tangu siku inaposhonwa. Shati jeupe la poliesta tupu linadumu lakini linamchemsha mtoto na kunuka mchana. Mchanganyiko wa poliesta na pamba ndio unaofaa zaidi kwa darasa lenye joto. Kola ikiisha juu, fundi aifumue na kuigeuza, upande wa chini uje juu: shati linapata kola mpya bila kununua kitambaa.

Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na poliesta inaanza kung'aa na kuyeyuka mapema. Alama ya pasi yenye nukta moja kwenye lebo ni nyuzi joto 110 hivi, mbili ni 150, tatu ni 200. Weka khanga ya pamba yenye unyevu kati ya pasi na sare.

Unaposhonesha Desemba, kabla mafundi hawajazidiwa na kazi za Januari, sema mambo haya na uyasimamie: kitambaa kilowekwe kwanza, pindo la sketi na suruali liachwe sentimita 5 au zaidi, akiba ya kiunoni iachwe nyuma, na mishono ya kwapani na katikati ya miguu ipitishwe mara mbili. Mchukue mtoto uende naye, apimwe akiwa amekaa na akiwa ameinama.